Kutoka Mnara wa Saa hadi Igoma: Vibao vya Kumbukumbu Kandokando ya Barabara za Mwanza



Naomba tuanzie katikati ya mji, kwenye mnara wa saa. Bamba lililopo pale linatukumbusha kwamba tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliliona Ziwa Victoria akiwa Isamilo. Ni kweli aliliona. Ila hakuja peke yake. Alitoka Kaze, Tabora ya leo, alikomwacha mwenzake Richard Burton akiugua, akaja na wapagazi na walinzi. Pamoja naye alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa, akaishi India miaka mingi kabla ya kurudi Afrika. Bombay ndiye aliyemtafsiria Speke kila alipouliza njia, na waliojibu ni wenyeji, ambao ziwa hilo walikuwa wakiliita Nyanza tangu enzi za mababu. Mgeni alikaa ufukweni siku chache, akalipa jina la malkia wake, akaondoka. Bamba linamkumbuka yeye. Waliobeba mizigo yake na waliomwelekeza njia hawamo.

Sipendekezi bamba ling'olewe. Napendekeza lipate mwenzake.

Hapo hapo mjini wazee wanaonyesha mahali pa mti wa kunyongea, waliponyongwa Waafrika wakati wa Wajerumani. Mwanafunzi akiuliza ni nani walionyongwa, na kwa kosa gani, mara nyingi jibu linaishia kwenye neno "watu". Hilo linaniuma kama mwalimu. Majina hayo, kama bado yapo vinywani mwa koo fulani, yakusanywe sasa, wakati wenye kuyajua wangali hai.

Sehemu ya tatizo imo katika sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vya kabla ya 1863. Cha baada ya hapo hulindwa kikitangazwa rasmi. Tazameni mwaka huo umeangukia wapi: safari ya Speke iko upande wa ndani, ilhali boma la Mjerumani, reli iliyofika Mwanza 1928 na harakati za wakulima wa pamba vimebaki nje vikisubiri tangazo. Paul Bomani na wenzake waliunganisha wakulima hao hadi kikazaliwa chama kikuu cha ushirika cha Victoria mwaka 1955, wakati matawi ya TANU yamepigwa marufuku huku Kanda ya Ziwa. Mkulima aliyebeba pamba yake kichwani hadi kwenye mizani anastahili jiwe kando ya barabara ileile aliyopita.

Lakini mahali ninapotaka tukae zaidi ni Igoma, barabara ya Musoma. Daladala zinapita, makondakta wanaita abiria, na jirani kabisa wamelala watu wa MV Bukoba. Meli hiyo iliondoka Bukoba jioni ya tarehe 20 Mei 1996, ikapitia Kemondo, na asubuhi ya tarehe 21 ikapinduka ikiwa imebakiza safari fupi kufika bandari ya Mwanza. Ilijengwa kubeba abiria 430. Waliokufa ni zaidi ya 800. Miili mingi haikutambuliwa, ikazikwa Igoma, na mnara ukasimamishwa. Kila mwaka, tarehe hiyo, ndugu hurudi kuomba dua na sala. Siku nyingine zote, kijana aliyezaliwa baada ya 1996 anapita bila kujua amepita wapi.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara kikapinduka karibu na gati la Bwisya. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Chanzo kikawa kilekile, kuzidisha abiria. Nauliza kwa uchungu: je, gati gani la ziwa hili lina kibao kinachomweleza abiria, kabla hajakanyaga kivuko, yaliyotokea 1996? Kibao kando ya makaburi kinaheshimu marehemu. Kibao kwenye gati kinampa mama mwenye mtoto mgongoni sababu ya kusema, "Kimejaa, nasubiri kingine."

Kwa hiyo nimeleta rasimu ya maneno ya kibao, ya Kiswahili, tuijadili mchana huu. Naomba chini yake iwekwe lugha ya wenyeji wa kila gati: Kisukuma, Kikerewe, Kikara, Kihaya.

"Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, meli ya abiria 430, ilizama karibu na Mwanza. Walikufa zaidi ya watu 800. Wengi wamezikwa Igoma, majina yao hayakujulikana. Kabla hujapanda, hesabu mko wangapi."