MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kaagya)



Nimeombwa nizungumze juu ya walimu. Mimi si mwalimu. Ni mtumishi wa Serikali katika kazi za utumishi, na barua za walimu wanaoomba uhamisho hupita mezani kwangu. Nitasema yale niliyojifunza kwa kuzisoma.

Baadhi yetu wanataka tuombe hapa tuletewe walimu wazaliwa wa Bukoba na Muleba tu. Wanasema mwenyeji hakimbii: ana nyumba, ana shamba la migomba, na wazazi wanamfahamu. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini naomba tuitazame vizuri kabla ya kuipigia makofi.

Kabla ya Uhuru watoto wa nchi hii walisoma kwa rangi: shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Utaratibu huo ulifutwa kuanzia Januari 1962. Kisha Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za mashirika ya dini chini ya Serikali. Hapa kwetu Ihungo ilikuwa ya Wakatoliki na Kahororo ya Walutheri. Baada ya hapo zikawa za wote. Tena walimu wakapangwa kutoka kila pembe ya nchi. Mimi mwenyewe nilifundishwa Hisabati hapa na mtu wa Singida, aliyeshangaa kuona ndizi mezani kila siku. Kwa kuwa hakujua Kihaya, ilitubidi tuseme naye Kiswahili, nasi tukajua kwamba Tanzania haiishii Ziwa Victoria.

Wenzetu wa Marekani walifanya nusu ya kazi hiyo. Mwaka 1954 Mahakama Kuu yao iliamua kwamba kutenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Watoto wakachanganywa, lakini katika majimbo ya kusini maelfu ya walimu weusi walipoteza kazi, kwa kuwa shule zao zilifungwa na shule za wazungu hazikuwachukua. Mwaka wa masomo 2020/21 walimu wanane kati ya kumi wa shule za umma za huko walikuwa wazungu, hali wanafunzi wazungu hawakufika nusu. Kuchanganya watoto bila kuchanganya walimu ni kujenga nyumba na kusahau paa.

Sasa turudi kwetu. Barua ninazozisoma nyingi huomba kwenda mjini. Sababu zake ni za haki: kumfuata mume au mke, ugonjwa, kukosa nyumba. Lakini matokeo yake ni kwamba shule ya mjini haichagui walimu wake. Inapokea waliofanikiwa kuhama. Ndiyo maana shule za msingi za mjini zimejaa walimu wanawake, na kijijini msichana anaweza kumaliza darasa la saba bila mwalimu wa kike wa kumweleza shida yake. Hata huko mjini, kwenye walimu wengi, aghalabu ni wa masomo ya sanaa. Msichana hamwoni mwanamke akifundisha Fizikia, basi hudhani si kazi ya wanawake. Idadi inaweza kutosha, na bado chumba cha walimu kikawa na sura moja.

Je, tuwatawanye kwa amri? Wakenya walijaribu. Mwaka 2018 Tume yao ya walimu ilihamisha wakuu wa shule wengi kutoka maeneo ya nyumbani. Nia ilikuwa njema, lakini malalamiko ya familia kutengana yakawa makubwa, na baadaye mpango ukalegezwa. Mwalimu ni mzazi pia.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu. La kwanza, tunapoomba mwalimu tutaje pengo: somo gani, na ni nani wanafunzi hawajawahi kumwona mbele ya ubao. Tusitaje kabila. La pili, michango yetu ianzie kwenye nyumba ya mwalimu. Mgeni mwenye mlango wa kufunga na maji karibu haandiki barua ya uhamisho mwaka wa kwanza. La tatu, tukumbuke Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, inayomtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Mwalimu asiyeona hawezi kufika darasani kwenye shule yenye ngazi na mashimo kila mahali. Kutengeneza njia si kazi ya kungoja Dodoma.

Nanyi wanafunzi, nawaambia wazi: mmoja wenu atapangwa Mtwara au Rukwa. Atakapofika huko atakuwa yeye ndiye mgeni. Jinsi tunavyowapokea walimu wa watu hapa Kaagya, ndivyo tunavyoomba watoto wetu wapokewe.