Mama Hakuandika Jina Lake

(Maneno yaliyosemwa na msomaji wetu mbele ya ndugu na majirani, siku ya kumaliza arobaini ya mama yake, kijijini Lupaso, Wilaya ya Masasi.)



Kwanza nawashukuru. Siku zote arobaini hamkutuacha. Mmetuchotea maji, mmetuletea unga wa muhogo, mmelala nasi matangani. Asanteni sana.

Leo sikusimama ili niwalize. Nimesimama kueleza jambo lililotupata siku ya msiba, ili nanyi lisiwapate.

Fundi alikuja kutengeneza msalaba. Akauliza, "Mama alizaliwa mwaka gani?" Tukatazamana. Kaka akasema 1938. Dada akasema 1945. Mimi nikanyamaza. Ndugu zangu, tuko watoto sita, wote twajua kusoma na kuandika. Hata mmoja wetu hakuwahi kumwuliza mama swali hilo. Niliona aibu kubwa.

Mzee Benjamin Mkapa alikuwa mtoto wa hapa hapa kwetu. Kila mtu anajua alizaliwa 12 Novemba 1938. Tulipomzika hapa Lupaso tarehe 29 Julai 2020, hakuna aliyebahatisha. Mtasema, huyo alikuwa Rais, tangu 1995 hadi 2005. Ni kweli. Lakini iko sababu nyingine. Mzee aliandika maisha yake mwenyewe. Siku alipotimiza miaka 81, Novemba 2019, kitabu chake kilizinduliwa Dar es Salaam. Miezi minane baadaye alifariki. Je, kama angesema, "Ngoja, nitaandika mwakani"?

Sisi tulisema hivyo. Tulisema, mama yupo, tutamwuliza baada ya msimu wa korosho. Msimu ukapita, na mwingine ukapita.

Basi tukakaa na wazee kutafuta mwaka wake. Bibi mmoja jirani alitusaidia. Akasema, "Wazungu walipokuja kulima karanga Nachingwea, mama yenu alikuwa mtoto, lakini kinu alikwisha kukijua. Tulikuwa tunatwanga pamoja." Kilimo kile cha karanga kilianza Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940. Tukapiga hesabu. Mtoto wa kushika mchi ana miaka saba hivi. Tukamwambia fundi aandike: "Alizaliwa karibu 1940." Ndivyo ilivyo pale kaburini. Neno lile "karibu" linaniuma kila ninapopita.

Baada ya mazishi tulifungua sanduku lake. Chini ya khanga tukakuta daftari la kisomo. Wazee mnakumbuka, mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Masasi yetu ilikuwa moja ya wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma mbele ya wilaya nyingine. Mama alikuwa na miaka kama thelathini. Mchana alikuwa shambani, jioni alikwenda darasani na mtoto mgongoni. Mtoto yule ni mimi.

Mle daftarini mna hesabu za korosho, kilo na shilingi. Mna deni la jembe, nalo limekatwa msitari kwa kuwa alilipa. Kisha kuna ukurasa wa majina ya watoto wake. Tukahesabu. Si sita, ni wanane. Wawili walifariki wachanga kabla yetu. Hatukupata kuwasikia wakitajwa, lakini mama aliandika majina yao, wa kwanza na wa pili, juu ya yetu sote. Zaidi ya miaka hamsini aliwabeba peke yake.

Tukatafuta ukurasa unaomhusu yeye mwenyewe. Haupo. Aliandika korosho, aliandika jembe, aliandika watoto. Jina lake hakuliandika popote. Kazi hiyo ilikuwa yetu, nasi hatukuifanya.

Sasa nataka kusema la mwisho, nalo ni gumu. Kwetu tumezoea kumsifu tu marehemu. Lakini Mzee Mkapa alikuwa na usemi wake, ukweli na uwazi. Katika kitabu chake hakuandika mazuri tu. Aliandika pia juu ya watu waliouawa Pemba mwezi Januari 2001, wakati yeye ni Rais, akakiri kuwa jambo lile lilimtia uchungu na kubaki doa kwake. Mkubwa ameweza kusema hivyo. Mimi ni nani nifiche?

Mama hakumpeleka dada shule. Alimweka nyumbani alee wadogo na kuokota korosho. Dada alilia, naye hakusikia. Lakini mama alipoanza kisomo, kila usiku akirudi alimwita dada kwenye koroboi na kumfundisha herufi alizojifunza jioni ile. Dada akajua kusoma kwa njia hiyo. Na siku za mwisho kitandani, mama alimshika mkono akasema, "Mwanangu, nilikukosea." Dada yupo hapa, ameniruhusu niseme. Nikiificha habari hii, nitakuwa nimemzika mama nusu.

Ndugu zangu, ushauri wangu ni huu:

Kwanza, mkirudi nyumbani chukueni daftari na kalamu. Msingoje msimu.

Pili, mwulizeni mzee wenu alizaliwa wapi, wakati wa jambo gani. Kama hajui mwaka, mwulizeni juu ya karanga za Nachingwea, au njaa, au vita. Mwaka utaupata hapo.

Tatu, andikeni majina ya watoto wake wote, walio hai na waliokufa.

Nne, mwulizeni furaha yake na majuto yake. Andikeni kama alivyosema, msipambe.

Sisi tumeanza. Katika daftari la mama zilibaki karatasi kumi na moja tupu. Dada ameandika ukurasa wa kwanza kwa mkono wake. Juu kabisa ameandika jina la mama.

Mungu amlaze mahali pema.