Mali ya Asili Iingizwe Katika Hesabu za Chama



Kila mwaka tunapofunga hesabu huandika ghala, mizani, magunia na fedha zilizoko benki. Chemchemi tunayotumia kuoshea kahawa haimo, wala msitu unaoilinda. Kwa sababu hiyo, msitu ukikatwa hesabu zetu hazionyeshi hasara. Pengine huonyesha faida ya mbao. Huo ni upungufu, nasi hatuna budi kuuondoa.

Mfano upo karibu. Katika Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale nchini Kenya, wananchi wa Gazi na Makongeni hulinda hekta 117 za mikoko kwa mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013. Mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi, huhifadhi mazalio ya samaki na huzika hewa ya ukaa katika matope. Miti hupimwa, kiasi cha hewa hiyo huthibitishwa, kisha vyeti vyake huuzwa na fedha huingia katika mfuko wa jamii. Mfuko huo umesaidia kuleta maji ya bomba na vitabu vya shule.

Yatupasa kuzingatia mambo matatu. Kwanza, hakuna mtu mmoja awezaye kuuza huduma ya msitu mzima. Hiyo ni kazi ya ushirika. Pili, aliyekatazwa kukata mkoko bado anahitaji nguzo na kuni. Ndiyo maana kule ilipandwa mivinje. Hifadhi inayomwacha mnyonge bila kuni haidumu, kwani atarudi msituni usiku. Tatu, bei ya vyeti hupanda na kushuka kama bei ya kahawa. Soko likianguka, umuhimu wa msitu haupungui. Basi fedha isiwe sababu pekee ya kuulinda.

Kwa hiyo naomba kila chama, kabla ya mkutano mkuu ujao, kiorodheshe chemchemi, kingo za mito na misitu ya eneo lake. Kieleze pia ni nani atakayepoteza kipato akizuiwa kulima au kukata, na atafidiwaje. Taarifa hiyo isomwe mbele ya wanachama pamoja na mizania ya mwaka.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba isiyoandikwa huchukuliwa mchana, na mwenyewe asijue.