Vita Baridi Vilipotia Nanga Kilindini

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanaharakati na waumini, Port Reitz, Mombasa)



Nimeombwa nizungumze juu ya uhasama mrefu wa dola kuu, ule uliozuka baada ya Vita Vikuu vya Pili kwisha mwaka 1945, ukamalizika Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwezi wa Desemba 1991. Huenda wapo kati yenu wanaojiuliza: mambo ya Berlin na Moscow yanatuhusu nini sisi wa Port Reitz? Naomba basi nisianzie Berlin. Nianzie hapa majini petu.

Mwezi wa Aprili 1965 meli ya Kisovieti iitwayo Fizik Lebedev iliingia bandari ya Mombasa ikiwa imepakia silaha kwa ajili ya jeshi la Kenya. Pamoja nazo walikuja wakufunzi wa kijeshi. Mzee Kenyatta alizikataa silaha hizo, akasema ni kuukuu, na meli ikaondoka na shehena yake. Wapagazi wa bandarini waliitazama ikija na wakaitazama ikienda. Hakuna aliyewaeleza ni nani aliyeziagiza, kwa mapatano gani, wala kwa nini zilirudishwa. Ndugu zangu, hivyo ndivyo Vita Baridi vilivyotufikia: mizigo mizito ilipita mbele ya macho yetu na hatukuulizwa neno.

Kwa maandishi, nchi yetu haikuwa upande wowote. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulitangaza Ujamaa wa Kiafrika, ukasema Kenya haitafuata ubepari wala ukomunisti. Lakini chini ya maneno hayo viongozi walikuwa wamekwisha kugawanyika. Tom Mboya aliwapeleka vijana kusoma Marekani kwa ndege, na Jaramogi Oginga Odinga akawapeleka wengine Moscow na miji mingine ya Mashariki. Wote walirudi wakiwa Wakenya, ila siasa iliwapokea kana kwamba ni watoto wa baba wawili wasioamkiana.

Punde si punde neno «mkomunisti» likawa fimbo. Pio Gama Pinto aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Mwaka 1966 Jaramogi aliacha umakamu wa rais, akaongoza chama cha KPU. Alipouliza habari za ardhi na za maskini, hakujibiwa juu ya ardhi wala maskini. Alijibiwa kwamba ametumwa na wageni. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba Mzee Kenyatta mwenyewe alikuwa amesoma Moscow katika miaka ya 1930. Mwezi wa Oktoba 1969 KPU ikapigwa marufuku, na nchi ikabaki na chama kimoja kabla hata sheria haijasema hivyo.

Hapa Mombasa tulilipa sehemu yetu. Vyama vya wafanyakazi viligawanyika, upande mmoja ukiegemea shirikisho la Magharibi, wa pili ukipinga uegemezi huo. Mwaka 1965 wafuasi wa pande mbili walipigana mjini humu na watu wakafa. Serikali ikavivunja vyote viwili, ikaunda COTU na kuiweka chini ya jicho lake. Mpagazi aliyekuwa akitaka nyongeza ya mshahara alijikuta amepoteza hata chama cha kumsemea.

Tena tusimsahau kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 aliandika kijikaratasi chenye swali moja, «Kenya: Twendapi?», akiitetea haki ya upinzani. Kwa swali hilo alifungwa miaka mitatu tangu 1969. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na baadaye yakapata tuzo iliyobeba jina la rais yule yule aliyekuwa madarakani alipofungwa. Swali lake halikujibiwa.

Sasa tuje mwaka 1980. Mfalme wa Iran alikuwa ameanguka, majeshi ya Kisovieti yameingia Afghanistan, na Marekani ilikuwa ikitafuta vituo kandokando ya Bahari ya Hindi. Serikali ya Rais Moi ilitia saini mapatano yaliyoyapa majeshi ya Marekani ruhusa ya kutumia bandari yetu na viwanja vya ndege nchini, kikiwemo hiki kilichopo hapa Port Reitz. Ng'ambo ya mpaka, Somalia, iliyokuwa rafiki wa Moscow hadi 1977, nayo ilifanya vivyo hivyo mwaka huo huo. Wananchi wa nchi zote mbili hawakuulizwa.

Manowari zikaja, na mabaharia wakashuka mjini na dola zao. Wapo waliopata riziki, nami siwalaumu. Lakini mwaka huo wa 1980 mwanamke mmoja Mkenya aliuawa mjini humu na baharia wa Marekani. Mahakama ilimtia hatiani, kisha ikamwachilia kwa hati ya dhamana ya shilingi 500 kwamba atakuwa na mwenendo mwema. Shilingi mia tano! Kila anayeuliza urafiki wa dola kuu ulikuwa na thamani gani kwetu, na aanze na hesabu hiyo.

Mwezi wa Juni 1982 Bunge likapitisha kifungu cha 2A, na KANU ikawa chama pekee kwa sheria. Mwaka huo wahadhiri wa vyuo walishutumiwa kuwa wanafundisha fikira za Kimarx. Miongoni mwa waliotiwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani alikuwa mwana mwingine wa Mombasa, Alamin Mazrui. Mwaka 1988 tukapigishwa kura ya mlolongo, na mlolongo mfupi ukatangazwa kuwa mrefu mchana kweupe. Miaka yote hiyo misaada ya Magharibi iliendelea kumiminika. Waliojiita walinzi wa demokrasia waliona mlolongo nao wakanyamaza, kwa kuwa bandari ilikuwa wazi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba upande wa pili ulikuwa bora. Vifaru vya Kisovieti viliingia Budapest mwaka 1956 na Prague mwaka 1968 kuwanyamazisha wananchi waliodai uhuru. Jirani yetu Ethiopia, utawala wa Mengistu uliosaidiwa na Moscow uliwaua vijana wake kwa maelfu. Magharibi nao walimtunza Mobutu tangu 1965, baada ya Lumumba kuuawa. Mabwana wawili walikuwa na bendera mbili, lakini kwa mtumwa mjeledi ulikuwa mmoja.

Kisha upepo ukageuka. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989. Katika mahubiri ya Mwaka Mpya wa 1990, Mchungaji Timothy Njoya aliuliza tawala za chama kimoja barani Afrika zingedumu muda gani, maadamu zile za Ulaya Mashariki zimeanguka. Askofu Henry Okullu akadai kifungu cha 2A kifutwe. Mwezi wa Mei balozi wa Marekani, Smith Hempstone, akatangaza Nairobi kwamba misaada ya nchi yake itazielekea nchi zinazolea demokrasia. Matiba na Rubia wakatiwa kizuizini mwezi wa Julai. Siku ya Saba Saba watu wakajitokeza Kamukunji, na damu ikamwagika. Mwezi wa Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris wakasimamisha misaada mipya. Mwezi uliofuata kifungu cha 2A kikafutwa, na mwezi huo huo Muungano wa Kisovieti ukavunjika.

Hapa ndipo penye swali gumu, na sisi wa harakati hupenda kulikwepa. Je, uhuru wa vyama vingi tuliupigania, ama tulipewa na wafadhili walipokuwa hawana haja tena na watawala wetu?

Jibu langu linatoka pwani. Nahodha hafanyi upepo. Kaskazi huja na wakati wake, na kusi huja na wakati wake. Lakini upepo haujapata kukifikisha chombo bandarini pasipo mtu wa kutweka tanga na kushika usukani. Mchungaji Njoya alinena miezi minne kabla ya balozi. Abdilatif aliuliza swali lake miaka ishirini na mmoja kabla ya ukuta kufunguka. Pepo za mwaka 1990 zilitusaidia kwa sababu zilikuta tanga limekwisha kutwekwa, na waliolitweka walilipa kwa miili yao.

Hata hivyo anayetegemea upepo peke yake hukwama upepo unapotulia. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wafadhili walionyamaza mwaka 1988 ndio waliopaza sauti mwaka 1991. Wao hawakuongoka, bali masilahi yao yalibadilika. Na masilahi yakibadilika tena, watanyamaza tena. Nabii Isaya aliwaonya wafalme wa Yuda, waliobanwa kati ya Ashuru na Misri, wasiweke tumaini lao katika farasi wa Misri. Onyo hilo ni letu pia.

Nayasema haya kwa sababu dola kuu zimeanza kushindana upya, na sisi tuko njiani tena. Reli inayoanzia hapo Miritini, iliyozinduliwa mwaka 2017, ilijengwa kwa mikopo ya China. Hadi Novemba 2022 serikali haikuiweka mikataba yake hadharani, na hata hapo ilitoa sehemu tu. Mwaka 2024 Marekani iliitangaza Kenya kuwa mshirika wake mkuu wa kijeshi nje ya NATO. Labda yapo mema katika yote mawili. Lakini tofauti ya leo na mwaka 1965 ni moja: leo tunayo Katiba ya mwaka 2010, na Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mpagazi wa mwaka 1965 hakuwa na karatasi ya kuonyesha alipotaka kuuliza. Sisi tunayo.

Kwa hiyo naomba tutoke hapa na azimio. Kila mkataba unaoigusa bandari hii, uwanja huu na ardhi hii, uwe umetoka Mashariki au Magharibi, tuudai, tuusome katika vikundi vyetu vya kanisa na vya mtaa, na tumwulize mbunge wetu alipiga kura gani. Akituita vibaraka, tumkumbushe kwamba jina hilo tumekwisha kuitwa, na waliotuita wamepita.

«Twendapi?» aliuliza kijana wa Mombasa. Safari hii tusingoje meli ya mtu ije kutujibu.