DAFTARI LA AFYA YETU: NANI ASHIKE UFUNGUO?

(Mazungumzo ya Kamati ya Elimu ya chama mbele ya wawakilishi wa matawi. Yamepigwa chapa hapa ili yasomwe katika kila tawi.)

Ndugu wawakilishi, ndugu wafanya kazi,

Tumeombwa tuzungumze juu ya kompyuta za hospitali. Huenda mmoja wenu akasema moyoni: hili nalo ni jambo la chama? Chama ni mishahara, saa za kazi, likizo na malipo ya uzeeni. Twajibu hivi. Mtu asiye na afya hana mshahara. Na siku hizi habari za afya ya mfanya kazi hazikai tena katika kadi iliyo mfukoni mwake. Zimo ndani ya mashine, na mashine hiyo imeunganishwa na mashine nyingine zilizo mbali. Awezaye kuifungua aweza kujua maradhi yako, ya mke wako na ya watoto wako. Kwa hiyo yatupasa tujue mashine hizi zafanyaje kazi, na ziko mikononi mwa nani.

Tuseme wazi tangu mwanzo: hatukuja hapa kuzipinga. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali. Mwajua jinsi watu wetu wanavyohama. Mwaka huu mtu achuma chai Kericho, mwaka ujao yuko kiwandani Thika, halafu bandarini Mombasa. Kadi yake imelowa mvua au imesahauliwa nyumbani. Kila hospitali huanza upya. Apimwa tena damu ile ile, alipa tena, aulizwa jina la dawa aliyopewa mwaka jana naye halikumbuki. Mwenye kisukari, mwenye kifua kikuu, mama mja mzito, hawa waweza kupoteza maisha yao kwa sababu ya karatasi iliyopotea. Daftari linalomfuata mtu kila aendako ni jambo jema, nasi twalitaka.

Jueni pia kwamba kazi hii haikuletwa kwetu kama chakula kilichokwisha kupikwa. Sehemu yake kubwa ilianza hapa hapa. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, karibu na Eldoret, watu wa Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, waliweka daftari la wagonjwa katika kompyuta. Mgonjwa alishika fomu yake ya karatasi, akapita nayo kwa wahudumu, na mwisho karani akayatia yote katika mashine. Kazi hiyo ilizaa nyingine kubwa zaidi, iitwayo OpenMRS, iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Programu hiyo haikufungiwa sandukuni. Nchi yo yote yaweza kuichukua bila kununua, kuisoma ndani yake, na kuibadilisha iwafae watu wake. KenyaEMR, ambayo vituo vingi vya afya vya Kenya vimeitumia tangu mwaka 2012, imejengwa juu ya msingi huo.

Sasa sikilizeni vema, maana hapa pana somo. Waliofanya kazi ile ya Mosoriot walipima saa, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Walikuta kwamba muda wa mgonjwa kukaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22, na muda wa kungoja kwa asilimia 38. Hayo ni mazuri. Lakini walikuta pia kwamba muda ambao mgonjwa alikuwa mbele ya mhudumu ulipungua kwa asilimia 58. Hapo twauliza: je, ulikuwa ni muda wa kuandika-andika tu uliopungua, au ni muda wa kumsikiliza mgonjwa? Mashine haiwezi kutujibu. Yaweza kuokoa wakati, lakini wakati uliookolewa utatumiwaje ni shauri la watu. Ndivyo ilivyo viwandani, na ndivyo ilivyo hospitalini.

Basi tofautisheni aina tatu za daftari, maana watu huzichanganya.

Ya kwanza ni hiyo tuliyoisema, daftari la mgonjwa mwenyewe, lenye jina lake, maradhi yake na dawa zake.

Ya pili ni daftari la hesabu. Kila mwezi kituo cha afya huhesabu: watoto wangapi wamechanjwa, wangapi wameugua malaria, akina mama wangapi wamejifungua. Hesabu hupelekwa juu bila majina. Kenya hutumia mfumo uitwao DHIS2, ulioenezwa nchi nzima mwaka 2011. Kwa hesabu hizo dawa zaweza kupelekwa mahali zinapohitajiwa, na ugonjwa ukizuka waweza kuonekana mapema.

Ya tatu ni daftari la malipo. Tangu Oktoba 2024, Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii umeshika mahali pa ule wa zamani ulioundwa mwaka 1966, na kila mwenye mshahara akatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine. Ili hospitali ilipwe, hupeleka habari za mgonjwa na za matibabu yake kwa njia ya kompyuta. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alisema katika taarifa yake kwamba mfumo huo wa kompyuta, ambao gharama yake ni shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali. Ndugu zangu, pimeni wenyewe. Makato ni jasho letu. Habari zilizomo ni za miili yetu. Lakini nyumba zinamowekwa ni ya mtu mwingine. Mpangaji akitaka kutoboa dirisha lazima amwombe mwenye nyumba. Huko Mosoriot twaona kwamba njia nyingine iko, nayo ilianza katika nchi yetu wenyewe.

Twaja sasa kwenye hatari iliyo karibu zaidi na mlango wetu. Makampuni mengi yana dispensari yao. Mengine hulipia wafanya kazi bima ya kampuni za watu binafsi. Hilo ni jambo jema. Lakini karani wa dispensari hiyo hulipwa na nani? Kompyuta yake imeunganishwa na ofisi ipi? Ikiwa msimamizi aweza kufungua mashine akaona kwamba Fulani anatumia dawa za Ukimwi, au binti Fulani ana mimba ya miezi miwili, au mzee Fulani mgongo wake umeharibika kwa kubeba mizigo, basi siku ya kupunguza watu hatahitaji kutafuta sana majina. Na barua ya kufukuzwa haitasema neno la ugonjwa. Itasema tu kwamba kazi imepungua.

Tena hofu hiyo yazaa hatari nyingine. Mtu akijua kwamba siri yake haikai, haendi hospitali. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini tusimlaumu yeye peke yake, tumlaumu na aliyemfanya aogope.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa ili apate kazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yakupa haki ya kuambiwa habari zako zinatumiwa kwa kazi gani, haki ya kuziona, na haki ya kutaka zisahihishwe zikiwa si kweli. Habari za afya yataka zishughulikiwe na mhudumu wa afya au mtu afungwaye na wajibu wa kutunza siri. Habari zikivuja kwa namna iwezayo kumdhuru mtu, anayezitunza lazima amwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data kabla ya saa 72 kupita. Na mfanya kazi aliyedhulumiwa aweza kumpelekea Kamishna malalamiko, nayo yapasa kuchunguzwa na kumalizwa katika siku 90. Lakini ninyi mwajua kuliko sisi: sheria isiyoshikwa na mtu yalala kitabuni.

Kwa hiyo tuwatazame wenzetu walioishika mikononi. Ule mfumo wa hesabu, DHIS2, wasimamizi wake ni Chuo Kikuu cha Oslo, nchi ya Norway. Chanzo chake ni Afrika Kusini, Cape Town, baada ya uchaguzi wa mwaka 1994, ambako watu wa Oslo na wa vyuo vya huko walikaa pamoja na wafanya kazi wa afya wenyewe wakautengeneza. Desturi hiyo ya kukaa na mfanya kazi kwanza ilitoka wapi? Ilitoka kwa vyama vya wafanya kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chama cha wafanya kazi wa chuma cha Norway kilimwendea mtaalamu wa kompyuta, Kristen Nygaard, kikamwambia: matajiri wana wataalamu wao, sisi twataka wa kwetu. Akafanya kazi pamoja na wanachama viwandani, wakajifunza mashine hizo na kutoa madai yao. Mwaka 1975 shirikisho la vyama na shirikisho la waajiri wakatia sahihi mapatano ya nchi nzima: mfanya kazi aelezwe juu ya mfumo wa kompyuta kabla haujaletwa, tena kwa maneno anayoyafahamu, na wafanya kazi wawe na haki ya kuchagua mwakilishi wao katika mambo hayo. Hawakuvunja mashine. Walidai kiti.

Wala tusiwasahau wanaozitia habari hizo ndani ya mashine. Makarani wa hospitali na wauguzi wengi hujaza kitabu cha karatasi, kisha hujaza kompyuta yale yale. Mwaka 2023 serikali iliwapa simu za kazi wahamasishaji wa afya 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Daftari lote lasimama juu ya mabega ya watu hawa. Anayechoka hukosea, na kosa lake laweza kuwa dawa mbaya kwa mtoto wako. Wakidai saa za haki na malipo ya haki, dai lao ni letu.

Basi kila tawi lirudi na kazi hizi.

Kwanza, ulizeni mahali penu: habari za afya za wafanya kazi zimewekwa katika mfumo gani, na majina ya wanaoweza kuzifungua ni yapi? Ulizeni kwa barua, mtunze nakala.

Pili, katika mapatano yajayo na tajiri, tutie kifungu hiki: tajiri ataarifiwa siku ambazo mtu hawezi kufanya kazi, na kazi nyepesi inayomfaa, basi. Jina la ugonjwa libaki kwa daktari na mgonjwa.

Tatu, mfumo mpya wo wote usiletwe kabla ya wawakilishi wetu kuelezwa kwa Kiswahili.

Nne, kila tawi lichague mtu mmoja ajifunze mambo haya, awe macho ya wenzake.

Tano, kila mwanachama aende akaangalie jina lake na la watoto wake katika daftari la bima. Kosa la herufi moja lisingoje siku ya ugonjwa.

Ndugu, kompyuta ni ghala tu. Mavuno yaliyomo ni yetu, nasi hatukatai yawekwe, maana nje yangeoza. Lakini aliyelima hawezi kusimama nje ya mlango akiuliza ghala lake lina nini. Pelekeni maneno haya matawini, yajadiliwe, na majibu yenu yaletwe kabla mazungumzo na matajiri hayajaanza.

Umoja wetu udumu.