Tetemeko la Kagera: Mawimbi Mawili Ndani ya Mwamba

Jumamosi alasiri, Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliukumba mkoa wa Kagera, Tanzania. Muleba walitikiswa, Bukoba kuta za matofali ziliporomoka, na shule ya sekondari Ihungo ikaharibika vibaya.

Chanzo kilikuwa kilomita 40 hivi chini ya ardhi. Mwamba ukikatika hutoa mawimbi mawili. La kwanza huubana na kuuachia, kama sauti ipitavyo hewani, likienda kilomita 6 hivi kwa sekunde. La pili huuyumbisha kando kwa kando, likienda takriban kilomita 3.5 kwa sekunde, na maji ya Ziwa Victoria hayawezi kulipitisha.

Hilo la pili ndilo hubomoa zaidi, nalo hufika sekunde chache tu baada ya la kwanza. Ukihisi mtikiso, jitenge na ukuta papo hapo.