CHUMVI NA SAMAKI WETU
(Mazungumzo ya mtunza bwawa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeulizwa mara nyingi kwa nini safari hii nilitia chumvi kwenye madebe ya vifaranga vya perege. Wengine wanasema nafuja mali ya ushirika. Wengine wanacheka eti nawaunga samaki wangali hai! Haya, nijibu.

Safari ya kwanza mnaikumbuka. Wengi walifika wanaelea matumbo juu, na maji yalikuwa safi kabisa. Kosa lilikuwa langu, sikujua.

Damu ya samaki ina chumvi karibu gramu 9 kwa lita. Maji ya bwawa yana kidogo mno, hata ulimi hauioni. Kinachotenga damu na maji ni ngozi ya yale matamvua mekundu ndani ya mashavu, nayo ni nyembamba ili hewa ipite. Lakini hapohapo chumvi hutoroka na maji huingia bila kukaribishwa. Ndiyo sababu samaki wa maji baridi hukojoa kutwa.

Basi chumvi inarudije? Chakula huleta kiasi. Nyingine huvutwa na seli maalumu za matamvua kutoka majini, penye uhaba, kwenda damuni, penye wingi. Ni kama kupandisha maji mlimani, bila nguvu hayaendi. Tena ni kwa kubadilishana: sodiamu ikiingia, asidi hutoka, kloraidi ikiingia, baikaboneti hutoka. August Krogh wa Denmark aliyachunguza haya miaka ya 1930.

Sasa samaki akivuliwa, akibanwa, akitikiswa kwenye gari, chumvi humtoka kuliko anavyoirudisha. Nikatia gramu 100 kwa lita 20, isimtoroke mno. Si ufujaji huo.

Liko jingine, kubwa zaidi. Mbolea na pumba zikizidi bwawani huzaa nitraiti. Nayo hupita mlango uleule wa kloraidi! Damu hugeuka kahawia, haibebi hewa, samaki wanatweta juu ya maji. Chumvi kidogo husaidia, maana kloraidi huuziba mlango. Lakini kwanza pumba zipungue. Wanaomwaga jioni bila kuniuliza, nawajua, waache.

Vifaranga wengine wanakuja Jumamosi. Naomba vijana wanne, na madebe yaoshwe bila sabuni.